Mechi ya kila mwaka Balangdalalu: uwanja wa wazi hauna uzio

Maelezo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.

Ndugu msomaji, juma hili nina swali ambalo ukilisikia kwa mara ya kwanza utaliona dogo. Limetoka Balangdalalu, wilayani Hanang, katika mkoa wa Manyara. Timu moja ya vijana wa huko, ambayo kwa kawaida huchezea kiwanja cha shule, ilihamisha mechi moja mwaka jana baada ya mavuno. Iliipeleka nje kabisa, kwenye uwanda wa malisho, mahali pasipo na darasa wala mti wa kivuli. Walipiga mistari kwa majivu, wakasimamisha milingoti ya magoli, wakacheza. Watu waliokuja hawakupata kuonekana kwenye kiwanja cha shule hata siku moja. Sasa vijana wanauliza: je, jambo hili tulifanye kila mwaka?

Nilikwenda kuwasikiliza. Nahodha alinieleza kuwa washabiki walizunguka uwanja wote, wengine wamekaa juu ya baiskeli, wengine juu ya trela la trekta. Mama mmoja auzaye chai na maandazi aliniambia, "Mwandishi, siku ile niliuza ndoo tatu za maandazi kabla ya nusu ya pili. Wakisema kila mwezi, mimi niko tayari." Lakini mzee mmoja mfugaji, ambaye nilimwamkia akanipokea vizuri na kunikaribisha kigoda, hakuwa na furaha hiyo. Aliniambia, "Mwanangu, mpira sina ugomvi nao. Wajukuu zangu wanaucheza. Ila nasikia mwaka huu wanataka kuweka uzio ili watoze kiingilio. Uzio huo utasimama wapi? Pale ndipo ng'ombe wanapopita kwenda majini."

Basi hapo ndipo nilipotambua kuwa swali hili si dogo. Ndani yake mna maswali matatu: la kwanza, kwa nini watu hupenda mchezo ukitolewa nje ya mahali pake pa kila siku, la pili, je, jambo hilo likirudiwa kila mwaka hubaki na utamu wake, na la tatu, nani hupata na nani hupoteza. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Kwanza nikupeleke mbali kidogo, hadi nchi ya Canada, kwa sababu huko swali hili limekwisha kujibiwa kwa vitendo na kwa fedha nyingi. Mchezo unaopendwa kuliko yote huko ni mpira wa magongo wa barafuni. Wachezaji sita kila upande, pamoja na mlinda mlango, huvaa viatu vyenye vyuma vikali chini, nao hugombea kisahani cha mpira mgumu kwa magongo. Mchezo una vipindi 3 vya dakika 20. Watoto huanza kuucheza nje, kwenye maziwa na vidimbwi vilivyoganda wakati wa baridi, lakini timu kubwa huchezea ndani ya majumba, chini ya paa, ambako barafu hutengenezwa kwa mitambo.

Tarehe 22 Novemba 2003, timu ya mji wa Edmonton iliamua kuutoa mchezo nje ya jumba. Iliikaribisha timu ya Montreal katika uwanja mkubwa wa wazi wa mji huo. Baridi ilifikia kiasi cha digrii 18 chini ya sifuri. Mlinda mlango wa Montreal alivaa kofia ya sufu juu ya kofia yake ya kujikingia. Waliokata tiketi walikuwa 57,167, wakati jumba lao la kawaida halikuweza kuingiza watu hata 17,000. Montreal walishinda kwa mabao 4 kwa 3, lakini washabiki wa Edmonton waliondoka wakijisifu kuwa walikuwapo. Hiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya ligi yao kubwa, iitwayo NHL, kuchezwa nje ikiwa ya kuhesabiwa pointi.

Nakuomba uukumbuke uwanja huo wa Edmonton, maana sisi tuna habari nao. Ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978. Na katika michezo hiyo, mshindi wa mbio za marathoni alikuwa Gidamis Shahanga, kijana kutoka Hanang hii hii tunayoizungumzia. Alimwacha nyuma Jerome Drayton, Mkanada aliyekuwa akikimbia mbele ya watu wake. Mwaka 2005 Mtanzania mwingine, Fabiano Joseph, alikwenda katika mji huo huo wa Edmonton akatwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni. Kwa hiyo watu wa Edmonton wanajua kitu fulani kuhusu vijana wa kutoka huku kwetu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini vijana hao walitunzwa ugenini. Huku kwao, ni mara chache mno mtu wa mjini amefunga safari kuja kutazama mchezo wowote.

Turudi kwenye swali la kwanza. Kwa nini watu walifurika? Sababu si ubora wa mchezo. Mtu yeyote aliyecheza mpira atakuambia kwamba nje mambo huwa magumu zaidi. Barafu ya nje hupasuka, na jua likiwaka hulainika. Mwaka 1991, timu mbili za ligi hiyo zilipocheza mechi ya kirafiki usiku katika mji wa Las Vegas, panzi walivutwa na taa wakatua juu ya barafu, wachezaji wakawa wanateleza katikati ya wadudu. Balangdalalu vile vile: upepo wa uwanda hauna wa kuuzuia, mpira ukipigwa juu hujiendea utakako, na vumbi humnyima mlinda mlango macho.

Watu hufurika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jambo lenyewe ni adimu. Ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba mchezo umewafuata watu mahali walipo. Mfugaji mwenye mifugo hawezi kuiacha aende kukaa kwenye kiwanja cha shule, tena wapo wazee wanaoona shule kama mahali pa watoto na walimu tu. Mpira ulipokwenda malishoni, mfugaji alisimama na fimbo yake, ng'ombe nyuma yake, akatazama. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Hiyo ndiyo maana ya uwanja wa wazi.

Sasa swali la pili: je, kila mwaka? Hapa wenzetu wa Amerika Kaskazini wana la kutufundisha. Walipoona fedha za Edmonton, ligi ilianzisha mechi ya nje ya kila mwaka mpya. Ya kwanza ilichezwa tarehe 1 Januari 2008 karibu na mji wa Buffalo, ikatazamwa na watu 71,217 huku theluji ikidondoka. Tangu hapo imeendelea, isipokuwa mwaka 2013 ligi ilipokuwa na mgogoro na wachezaji, na mwaka 2021 wakati wa maradhi ya UVIKO. Mwaka 2014 walizidisha: mechi za nje zilikuwa 6 katika msimu mmoja. Hapo manung'uniko yakaanza, watu wakasema kitu kilichokuwa sherehe kimegeuka biashara ya kawaida. Na moja ya mechi hizo, ile ya Vancouver, ilichezwa paa la uwanja likiwa limefungwa kwa kuogopa mvua! Mechi ya nje ikachezwa ndani.

Lakini angalia jambo hili, ndugu msomaji. Ingawa ligi ina mechi ya nje kila mwaka, hakuna timu moja inayoiandaa kila mwaka. Huhamishwa, leo mji huu, mwakani mji ule. Edmonton wenyewe, walioanza mwaka 2003, hawakuandaa nyingine katika uwanja ule mpaka mwaka 2023. Miaka 20! Mtoto aliyebebwa mgongoni katika ile ya kwanza alikuja kwenye ya pili akiwa kijana mzima.

Kwa upande mwingine, hatuwezi kusema kwamba kurudia kila mwaka huharibu kila kitu. Hapa nchini tunao mfano wa klabu ya Simba, ambayo tangu mwaka 2009 imekuwa na siku yake kila mwaka ya kuonyesha wachezaji wapya na kucheza na wageni. Yanga nao walianzisha Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Shughuli hizo hazijapoteza watu. Kwa nini? Kwa sababu kila mwaka zina jipya: usajili mpya, jezi mpya, kocha mpya. Mshabiki haendi kuangalia kitu alichokwisha kukiona.

Basi somo liko wazi. Jambo la kila mwaka huishi kwa mojawapo ya njia mbili: ama libadilishe mahali, ama libadilishe kilichomo. Likirudiwa mahali pale pale, kwa timu zile zile, na hotuba zile zile za wageni wa heshima, mwaka wa tatu litabaki na wenyeji wa kamati na watoto wao.

Ushauri wangu kwa vijana wa Balangdalalu ni kwamba msiibebe mechi hii peke yenu. Ifanyeni ya mzunguko pamoja na wenzenu wa Basotu na Katesh. Mwaka huu ikichezwa kwenu, mwakani iende kwao, mwaka wa tatu iende kwa wale wengine. Hivyo itakuwa ya kila mwaka kwa wilaya, lakini kwa kila mji mdogo itakuwa jambo la kungojewa. Gharama pia zitagawanyika.

Na tarehe? Msithubutu Desemba. Nani amesahau asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuizika sehemu ya Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha? Majira ya mvua barabara za huko ni tope, na watu wako mashambani. Kiangazi ndicho chenye nafasi. Sikukuu ya wakulima, Nane Nane, yafaa: mavuno yako ndani, na ni siku ya mapumziko. Lakini kiangazi ndicho pia wakati ambapo maji huwa haba, na ng'ombe lazima wapite. Hapo tunamrudia yule mzee mwenye kigoda, na swali la tatu.

Msomaji wa mjini anaweza kuuliza: uzio wa siku moja una ubaya gani? Kuuelewa ubaya wake ni lazima kujua historia ya ardhi ya Hanang. Kuanzia mwaka 1970 hivi, kwa msaada wa serikali ya Canada, nchi hiyo hiyo ya mpira wa barafuni, shirika letu la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu. Yalifika mashamba 7, kiasi cha ekari 100,000. Yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini. Mkate uliokuwa mezani kwako Dar es Salaam au Arusha miaka ile huenda ulitoka huko, na hilo ni jema lisilofaa kufichwa.

Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tena malisho bora, yenye kutumiwa kwa zamu kufuatana na majira. Trekta zilipoingia, mapito ya mifugo yalifungwa, na hata makaburi ya wazee mashuhuri, ambayo kwa Wabarabaig ni mahali patakatifu, yalilimwa. Watu walikwenda mahakamani. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika Mahakama ya Rufani katikati ya miaka ya 1980, na huko wanakijiji hawakuupata ushindi walioutarajia. Mpaka leo mambo hayo huzungumzwa jioni kwenye maboma kana kwamba yalitokea juzi.

Kwa hiyo mzee wa Hanang anapomwona kijana amebeba nguzo na waya kuelekea malishoni, haoni kiingilio cha mpira. Anaona mwanzo wa jambo ambalo mwisho wake anaujua. Atasema, leo ni siku moja, mwakani juma moja, kisha patajengwa ukuta na kuitwa uwanja wa michezo, na ng'ombe watafute njia nyingine. Je, tumlaumu? Mimi siwezi.

Vijana nao wana hoja yao. Nahodha aliniambia kwa uchungu, "Kaka, mwaka jana watu wote walitazama bure, sisi tukarudi nyumbani na deni la mipira na la mafuta ya jenereta. Mwaka huu nani atatukopesha?" Hoja hiyo ni ya haki. Mchezo hauendeshwi kwa makofi tu. Kwa hiyo tupige hesabu kidogo, kwa mfano.

Tuseme wanakuja watu wazima 1,000, na kila mmoja anatoa shilingi 500. Hizo ni shilingi 500,000. Lakini uzio hauji bure. Tuseme nguzo, maturubai na usafiri wake ni shilingi 300,000, na walinzi wa mlangoni pamoja na chakula chao ni 80,000. Kinachobaki ni 120,000. Tena hapo tumekubali kwamba wote 1,000 watakuja, jambo ambalo nina shaka nalo, kwa sababu yule mfugaji mwenye fimbo hatakata tiketi ili asimame mahali anaposimama kila siku bure.

Sasa tuache uzio. Tuseme wauza chai, nyama choma, miwa, nguo na wengineo ni 20, na kila mmoja analipa ushuru wa shilingi 5,000 kwa kamati. Hizo ni 100,000. Yule mama wa maandazi aliniambia kiasi hicho angekitoa bila kuuliza mara mbili. Tofauti kati ya uzio na kutokuwa na uzio ni shilingi 20,000 tu, bei ya jogoo mmoja mwenye afya! Ongeza kapu la michango linalopitishwa wakati wa mapumziko, na ongeza mfanyabiashara mmoja wa Katesh atakayelipia mipira ili jina la duka lake litangazwe kwenye kipaza sauti, na kiwanja cha wazi kitakuwa kimeleta fedha kuliko kiwanja kilichofungwa.

Lakini fedha hizo zisimamiwe na nani? Nimeona mashindano mengi yakifa katika maisha yangu ya utangazaji, na machache sana yalikufa kwa kukosa watazamaji. Mengi yalikufa kwa sababu mwaka wa pili watu waliuliza fedha za mwaka wa kwanza zilikwenda wapi, na hakuna aliyejibu. Dawa ni rahisi. Baada ya mechi, hesabu isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji: kilichoingia hiki, kilichotoka hiki, kilichobaki hiki. Na kilichobaki kigawanywe kwa namna ambayo wafugaji pia watakiona. Kikinunuliwa bomba la kutengeneza birika la kunyweshea mifugo, mzee wangu yule atakuwa mshabiki namba moja wa timu.

Hali kadhalika, kabla ya kupanga mistari ya majivu, kamati iwaendee wazee na kuuliza mifugo hupita wapi na saa ngapi. Mechi ya saa kumi jioni inaweza kuanza saa tisa ikiwa ng'ombe hurudi saa kumi na moja. Uwanja unaweza kusogezwa hatua 200. Uwanda ni mpana. Kitu kisichowezekana ni kuwaambia watu baada ya kuamua.

Jibu langu, basi, kwa vijana wa Balangdalalu ni hili. Ndiyo, mechi ya nje iwepo kila mwaka, lakini isiwe kwenu kila mwaka. Ichezwe kiangazi, kwa makubaliano na wenye mifugo. Isiwekewe uzio, hata wa kamba. Hesabu yake isomwe hadharani. Ijaribiwe kwa mzunguko mmoja wa miaka 3, kisha mkae chini mjiulize kama iendelee. Ikionekana haina faida, iachwe bila aibu. Edmonton ni mji tajiri, nao ulingoja miaka 20.

Na kwako msomaji wa mjini, ambaye pengine umekula mkate wa Basotu bila kuijua Basotu: siku ukisikia mechi hiyo imetangazwa, na ukawa na nauli ya kufika Katesh, nenda. Barabara ya Babati hadi Singida ina lami, na kutoka hapo utauliza njia. Beba maji na kofia. Hutaulizwa tiketi. Utasimama pale uwandani pamoja na watu wengine, na ng'ombe wakihitaji kupita, utasogea kidogo.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.